Jumbe Nyati na Jiwe Lililotoka Juu

Hapo zamani za kale, nyati alipokuwa bado anavaa kanzu siku za baraza na fisi anamfuata nyuma kumshikia mwavuli, paliishi kando ya mto bwana mmoja mdogo, Pimbi. Mnamjua pimbi, wanangu: mnene kidogo, mkia hana, ukimtazama haraka utasema sungura aliyekatwa masikio. Alikuwa na mke na watoto waliozaliwa juzijuzi tu, na nyumba yake ilikuwa ufa katika jabali kubwa. Ufa wenyewe mwembamba, hata tai, adui wa pimbi tangu dunia iwe dunia, aliweza kupenyeza ukucha mmoja tu, akaondoka na njaa yake.

Siku moja akapita Jumbe Nyati, mkuu wa ukingo ule wote, pamoja na mshauri wake Fisi. Jumbe akaegemea jabali, akajikuna mgongo. Khwaru, khwaru, khwaru. Akafumba macho.

"Fisi," alisema, "jabali hili linakuna vizuri."

"Ni kama lilichongwa kwa ajili ya mgongo wako, Jumbe."

"Nani anakaa humu?"

"Hakuna mtu, Jumbe. Ni Pimbi tu."

Pimbi akatoa kichwa. "Nimo, Jumbe. Shikamoo."

"Marahaba. Unahama lini?"

Pimbi akatazama huku na huku, kama vile kuna Pimbi mwingine anayeulizwa. "Nina watoto wachanga, Jumbe. Nikitoka hapa ni mbuga tupu, na tai hana likizo."

"Tai nitazungumza naye."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia umehama."

Fisi akacheka mpaka mwavuli ukamwangukia. Pimbi hakucheka. Alisikia watoto wake wanapumua mle ndani, na akajua kwamba neno atakalolisema sasa ndilo litakaloamua kama wataendelea kupumua.

"Basi, Jumbe," akasema, "tuvushe jiwe."

Kuvusha jiwe ilikuwa sheria ya nchi ile. Wawili wakigombea makazi, mwenye nyumba huonyesha mawe mawili ukingoni, na anayeitaka nyumba huchagua kwanza. Kila mtu huvusha lake hadi ng'ambo ya mto bila kusaidiwa. Atakayetangulia ndiye mwenye makazi, na mwenzake hatakanyaga tena pale. Tena anayechagua alikatazwa kugusa jiwe kabla ya kuchagua. Katazo hilo aliliweka babu yake Jumbe Nyati, kwa sababu wadogo walikuwa na tabia mbaya ya kupapasapapasa wakitafuta jepesi.

"Wewe uvushe jiwe na mimi?" aliuliza Nyati.

"Sheria ni sheria, Jumbe."

"Kesho asubuhi," alisema Nyati. "Na mje na mizigo yenu mmeshaifunga."

Pimbi akaingia ndani. Alimkuta mkewe ameweka miguu kwenye beseni, anasugua visigino.

"Nimemwambia tuvushe jiwe," alisema Pimbi.

"Nimesikia," alisema Bi Pimbi. "Nikajiuliza nimeolewa na nani. Wewe hata mtungi nikikutuma unarudi na nusu."

Jiwe la kusugulia likamponyoka, likaanguka majini. Halikuzama. Lilizunguka juu ya maji polepole, kama bata anayefikiri. Pimbi akalitazama likizunguka, akalitazama tena.

"Mke wangu, hili ulilitoa wapi?"

"Ukingoni, chini ya mkuyu. Lipo kubwa limelala pale, kama kitanda, nililimega kipande. Ule mlima wa moshi ndio ulilitapika enzi za mabibi zetu. Limejaa vitundu kama mkate wa kumimina. Kwani hulijui?"

"Na lile jeusi lililo karibu yake?"

"Lile ulilotaka kulifanya figa la jiko? Ulilisukuma mpaka ukapata homa, halikutikisika. Lile si jiwe, baba watoto, lile ni chuma."

Pimbi alilijua vizuri jiwe jeusi. Mwaka uliopita, mchana kweupe, mwanga ulipasua anga, nyuma yake ukaja mshindo, bumbuu, na wanyama wakubwa wakaingia mivunguni. Kesho yake asubuhi Pimbi alilikuta topeni, ukubwa wake kama beberu aliyejikunyata, jeusi kama tako la sufuria, lina mibonyeo kila mahali kama mtu alibonyeza unga wa maandazi kwa vidole. Korongo, msafiri anayekwenda nchi za mbali kila msimu, ndiye aliyemweleza. Kule juu, alisema Korongo, mawe yapo mengi, mengine kama milima, mengine kama punje ya mchanga, yote yanalizunguka jua mbiombio. Moja likikosea njia likaingia kwenye hewa yetu, linawaka kwa ule mwendo wake. Dogo huishia hukohuko, sisi tunaona mstari wa mwanga tunasema kimondo. Kubwa huungua ngozi, kiini kinafika chini. Mengine ni mawe ya kawaida, na mengine ni chuma kitupu.

"Maliza visigino, mke wangu," alisema Pimbi. "Kesho tuna wageni."

Kulipokucha, ukingo ulijaa. Mwamuzi alikuwa Kinyonga, kwa sababu jicho lake moja humtazama huyu na jingine humtazama yule, na hakuna anayelalamika kwamba ameonewa.

"Mwenye nyumba, onyesha mawe," alisema Kinyonga.

Pimbi akaonyesha. Jumbe Nyati akalizunguka lile la kijivu, kubwa kama kitanda. Akalizunguka jeusi, lililozama topeni nusu.

"Hili kubwa limetoka wapi?"

"Mlimani, Jumbe. Lilitapikwa na mlima wa moshi."

"Na hili jeusi?"

Hapo Fisi alijiandaa kusikia uongo, maana Pimbi alijulikana. Lakini siku ile Pimbi alisema kweli tupu, na mimi nawaambia, kweli ikisemwa na mwongo ni mtego usio na kamba.

"Hilo limetoka juu, Jumbe. Lilikuwa likizunguka jua huko, likapotea njia, likaungua ngozi, likaanguka hapa. Ule mshindo wa mwaka jana ndio lenyewe. Gusa kwa macho tu uone lilivyobonyea."

Jumbe akamvuta Fisi pembeni. Pembeni ya nyati ni pale pale, kila mtu alisikia.

"Unasemaje?"

"Jumbe, tutumie akili," alisema Fisi. "Juu kuna nini? Mawingu, mepesi. Manyoya, mepesi. Vumbi, jepesi. Kitu kikitaka kukaa juu sharti kiwe chepesi. Kingekuwa kizito kingeanguka tangu zamani za Adamu."

"Lakini hili limeanguka."

"Limeanguka mwaka jana, Jumbe. Ona lilivyochelewa."

Nyati akawaza. Halafu akatabasamu, kwa kuwa alikuwa amemwona Pimbi, mfupi kama kigae, amesimama kando ya lile jiwe kubwa.

"Nachukua la mbinguni," alisema. "Jiwe la juu kwa mtu wa juu. Hilo kubwa abebe mwenye nyumba."

"Jumbe hataki kuuliza lingine?" alisema Pimbi. "Kuhusu uzito, kwa mfano."

"Nimeshauliza mengi kwa siku moja."

"Mmesikia wote," alisema Kinyonga. "Anzeni."

Jumbe Nyati akaingiza pembe chini ya jiwe jeusi, akainua. Hmmf. Jiwe likakaa. Akapanua miguu, akainua tena. Kanzu ikachanika mgongoni, chraaa. Jiwe likakaa.

"Limeshikwa na tope," alisema Fisi. "Lichimbue, Jumbe."

Nyati akachimba kwa kwato, akasukuma kwa kipaji, akalibingirisha mara moja, nalo likaingia mtoni. Chubwi. Likashuka chini moja kwa moja kama mtu anayekwenda kwake.

Wakati huo Pimbi alikuwa amegeuza mgongo kwa jiwe lake na kusukuma. Likateleza kwenye majani mabichi yenye umande, kwaru, kwaru, likaingia mtoni. Pwaa. Likazama kidogo, likatafakari, likaibuka. Pimbi akaruka juu yake, akaketi, akaanza kupiga maji kwa jani la mgomba.

Ukingo mzima ukasogea majini kutazama.

"Jiwe linaelea," alisema Fisi. "Huu ni uchawi."

"Uchawi gani, shemeji?" alisema Bi Pimbi. "Mimi nasugulia visigino. Na wewe ungesugua siku moja ungejua."

Kinyonga alimfuata Pimbi kwa jicho moja akielekea ng'ambo. Kwa jicho la pili alitazama viputo, bwa, bwa, bwa, vikitoka mahali ambapo Jumbe Nyati, kichwa chini ya maji, alikuwa akilisukuma jiwe la mbinguni. Viputo havikusogea. Jani la mgomba lilisogea.

Pimbi akagusa ng'ambo. Kinyonga akainua mkono mmoja, polepole, kama kawaida yake. Mpaka ufike juu Jumbe alikuwa ameshatoka majini, ana tope mpaka masikioni.

"Umenidanganya," alisema Nyati.

"Neno lipi, Jumbe? Sema mbele ya mwamuzi."

Nyati akakung'uta tope masikioni.

"Kitu kizito vile," alisema mwishowe, "kilikaaje juu?"

"Hakikukaa, Jumbe," alisema Pimbi. "Ndiyo maana kiko hapa."

Kwa sheria ya babu yake mwenyewe, Jumbe Nyati hakukanyaga tena kwenye lile jabali. Tangu siku ile nyati hujikuna kwenye miti, na miti haikuni vizuri. Fisi alinyang'anywa mwavuli. Jiwe jeusi lipo mtoni mpaka leo, na watoto wa Pimbi wakawa wakubwa mle ufani, wanamchungulia tai akipita.

Basi, wanangu, katika mawe yote halipimwi hata moja kwa macho, na mkubwa anayeona haya kuuliza hujitwisha asichokiweza.