Kisanduku Ndani ya Jina la Ng'washi

Sogeeni. Mwenye mtoto mgongoni ampakate, maana mwishoni nitawauliza jambo, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Palikuwa na kibanda cha uchapaji mjini Kahama, na wafanyakazi wake walikuwa wanne. Mbuke alikuwa na kipaji cha kutunza; hata kipande cha uzi hakukitupa. Lugata alikuwa na jicho; akiona herufi moja kwenye gunia la mbegu, anakutajia fonti yake, yaani aina ya mwandiko wa kompyuta. Limi alikuwa na mkono. Wembe ukiwa vidoleni mwake haukwenda upande. Wa nne alikuwa Ng'washi, na yeye ndiye aliyekufa.

Ng'washi alichora herufi zake mwenyewe, zikaingizwa kwenye kompyuta, zikawa fonti yenye jina lake. Misalaba mingi ya makaburi ya pale iliandikwa kwa herufi hizo. Watu walisema mtu akiandikwa na Ng'washi, amelala vizuri. Ila mara ya kwanza alisahau kuchora ile alama ndogo ya ng'. Yeye, mwenye ng' kwenye jina lake! Wenzake walimcheka mpaka chai ikapoa. Akazichora upya zote, alama akaifanya kama punje ya mpunga, na fonti ya pili akaipa jina lile lile.

Kila mteja alikuja na fonti zake, kompyuta ikazibeba zote, ikawa nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Ng'washi alipokwenda kujifungua, naye alikuwa na tumbo la mapacha, waliobaki wakaamua kuchagua programu ya kuzipanga.

"Tuchukue hii inayofuta," Lugata akasema. "Nyepesi."

"Bora hii inayolaza," Mbuke akasema. "Usiyoitumia inailaza stoo. Haiiui."

"Wewe Mbuke, hata kandambili iliyokatika unailaza stoo."

"Na yako ilipokatika, ulivaa ya nani?"

Limi akacheka, akaenda upande wa Mbuke. Wakachukua inayolaza. Ilipoanza kazi ikauliza, kwa maneno yake ya mashine: kuna mapacha wawili wa jina hili, abaki mmoja? Lugata, bila kutazama ni jina gani, akabonyeza ndiyo.

Wiki ile ile Ng'washi akajifungua. Akafa yeye, akafa na pacha wa kwanza, Kulwa. Akabaki Doto, wa kike, mwepesi kama kitambaa alichofungwa.

Siku ya maziko, asubuhi, mama wa marehemu, Bibi Nyamizi, alikuja kibandani mwenyewe. Alimshika mkono Minza, binti mkubwa wa Ng'washi, wa miaka sita.

"Mwanangu aliniambia, 'Mayu, mama yangu, nikifa nisiandikwe kwa mkono wa mtu mwingine.' Tunazika saa nane," akasema.

Limi akampa Minza uji wake, akajifanya ameshiba. Lugata akaandika jina. Kwenye kioo cha kompyuta, baada ya Ng, pakatokea kisanduku kitupu. Ndivyo kompyuta inavyofanya ikikosa alama; fonti ya pili ndiyo iliyokuwa imelazwa, ikabaki ile ya kwanza.

Minza, aliyeacha masanduku mawili nyumbani, moja kubwa na moja dogo, akatazama.

"Bibi, mbona na hapa mama wamemtia kwenye sanduku?"

Lugata akainama chini ya meza kama anayetafuta waya. Alipoinuka, akachomeka alama ya fonti nyingine. Ikawa kama inzi ametua kwenye jina. Bibi Nyamizi akatikisa kichwa.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini.

Mbuke akasema, "Haijafa, imelazwa." Akafungua stoo ya programu. Angesikilizwa Lugata siku ile, pasingekuwa na stoo ya kufungua. Lakini fonti zilizolala zilikuwa zimepoteza majina yao. Zilikuwa mamia, kila moja na namba tu.

Lugata akazipitia moja moja. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, asije akapitwa na moja. Mwishowe akasimama. "Ndiye huyu. Mkia wa g umepinda kama pembe." Na ile punje ya mpunga ilikuwepo.

Hapo umeme ukakatika. Mashine ya kukata stika za kubandika msalabani ikazima, na betri ya kompyuta ikaanza kulia pii, pii. Limi akaweka karatasi nyembamba juu ya kioo, akafuatisha jina kwa penseli. Kioo kilizima akiwa kwenye nukta ya mwisho. Akakata stika kwa wembe, akajikata na kidole, akakifunga haraka kwa pindo la khanga ili damu isiguse jina.

Msalaba ulifika makaburini udongo ukiwa umeshaanza kuingia. Minza akasoma herufi moja moja. Akaigusa ile punje.

"Ametoka," akasema.

Jioni Bibi Nyamizi alimwinua yule mchanga mbele ya watu. "Huyu sitaki aitwe Doto. Kila akiitwa, ataulizwa Kulwa yuko wapi. Apewe jina la aliyemtoa mama yake kwenye kile kisanduku. La mmoja tu. Mtoto mwenye majina matatu huitikia lipi?"

"Mbuke!" akasema shangazi mmoja. "Bila stoo wangepata wapi?"

"Mbuke alifungua tu. Limi ametoa damu," akadakia mwingine.

"Angekata nini bila jicho la Lugata?"

"Huyo Lugata si ndiye aliyempoteza?"

"Na ndiye aliyemtafuta. Tena jina halina sketi wala suruali, hata mtoto wa kike ataitwa Lugata."

"Msinitaje," Lugata akasema. "Mimi nilibonyeza ndiyo."

"Nami nilifuatisha tu mkono wa mwenzangu," Limi akasema, kidole kikiwa kimefichwa.

Mbuke alikuwa amempokea mtoto, anamkinga upepo.

Basi mpaka sasa mtoto analia, na kila anayembembeleza anakwama penye jina. Ninyi mlionisikiliza, mngemwita nani?