Ufa wa Mlimani

Mwanamke mmoja, jina lake Nakijwa, alikuwa na shamba la mahindi katika kitongoji cha chini, pale mfereji unapoishia. Alikuwa mjane. Maji yake yalitoka kwenye chemchemi ya mlimani, yakakusanyika katika ndiva, bwawa la mawe na udongo lililojengwa na mababu. Kila asubuhi ndiva ilifunguliwa. Maji yakanywesha kwanza mashamba ya kitongoji cha juu, na yaliyosazwa yakamteremkia yeye na jirani zake. Mwaka hata mwaka watu wa juu na wa chini waliitengeneza ndiva hiyo kwa msaragambo, kazi ya pamoja, bega kwa bega, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Ukaja ukame. Ndiva ikawa haijai. Maharage ya watu wa juu yalikuwa yanatoa maua, wakataka maji siku zote. Mahindi ya watu wa chini yalikuwa yanabeba, wakataka zamu, siku kwa siku. Hakuna aliyesema uongo. Kila upande njaa ilikuwa imeshabisha hodi.

Ukaitishwa mkutano wa vitongoji vyote viwili. Siku mbili kabla yake, Nakijwa alipanda mlima peke yake akaufuata mfereji hadi kwenye chemchemi. Huko juu, katika kichaka ambacho kukifyeka hakukuwa zamu ya mtu, aliona mwamba umepasuka, na ule ufa ukinywa nusu ya maji kabla hayajafika kwenye ndiva. Akainama, akatia mkono, akaisikia baridi ya maji yanayopotea. Ufa ungeweza kuzibwa kwa mawe na udongo wa mfinyanzi. Mawe yalikuwa juu. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa chini, bondeni kwao. Alishuka na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu amzike mumewe.

Mkutano uliongozwa na Mbonea, ndugu wa marehemu mumewe, mkazi wa juu, mtu mwadilifu asiyependa kelele. Na kelele zilikuwa nyingi. Nakijwa alisimama mara mbili kusema alichokiona. Mara ya kwanza watu wa juu walimzomea. Mara ya pili walimvuta kanga watu wake mwenyewe, wakidhani anakwenda kuwauza kwa shemeji yake. Mbonea akaona hakuna haki ila watu wahesabiwe. Mikono ya juu ikawa arobaini na mmoja, ya chini kumi na tisa, maji yakawa ya juu siku zote. Hesabu ilikuwa safi, hakuna aliyedhulumiwa hata mkono mmoja. Nakijwa akarudi nyumbani na siri ambayo hakukusudia iwe siri.

Mahindi yake yalikauka yakabaki mabua. Watu wa chini hawakugombana na mtu. Hawakuukata mfereji, hawakutukana. Ila baragumu la msaragambo lilipolia, hawakupanda. Likalia tena, hawakupanda. Ndiva ikajaa tope, ukuta ukaanza kutokwa na jasho, na upande wa mashariki mawingu yakatanda.

Ndipo Mbonea akateremka mwenyewe. Alimkuta Nakijwa uani anapepeta mtama aliopewa na ndugu zake.

"Shemeji," akasema, "ukuta utaanguka. Waite watu wako, na udongo waje nao."

Nakijwa aliweka ungo chini. "Siku ile mlituhesabu, shemeji. Hamkutuuliza."

Mbonea akamwuliza ni jambo gani walilopaswa kuuliza. Nakijwa akamwambia habari za ule ufa. Mzee wa watu akaketi kwenye vumbi, na matone ya kwanza ya mvua yakamkuta hapo hapo.

Nakijwa alipita nyumba zote kumi na tisa. Wakatoka watu watatu na vikapu. Walikuwa nusu ya njia, vikapu vya udongo vichwani, waliposikia mlio wa ukuta ukipasuka. Maji yaliyachukua maharage pamoja na ardhi yalimoota, kisha yakateremka kama kawaida yao, yakalikwangua shamba la mjane hadi kwenye mawe. Siku hiyo vitongoji vyote viwili vilipata maji sawa.

Nakijwa alihamia tambarare kwa kaka yake, akawa mgeni katika jiko la wifi. Kulikosa shamba alikuzoea. Kilichomnyima raha ni kwamba alisimama mara mbili, na hakusimama mara ya tatu.

Nanyi mlioinua mikono leo mkashinda, je, mliowashinda mliwahi kuwauliza wanajua nini?