Muhanga na Mashimo ya Kilima cha Chemchemi

Kwaru.

Sauti moja tu, usiku. Mmeisikia?

"Tumeisikia."

Nani anakwaruza ardhi wenzake wamelala?

"Tuambie, tukae naye."

Basi kaeni. Hapo kale, kale sana, palikuwa na kilima chenye chemchemi, nyasi laini na upepo mwanana. Kila mnyama alitaka kuishi pale. Muhanga, mama mwenye kucha ngumu, ndiye aliyechimba mashimo yao yote. Mwenyewe alilala bondeni, kichakani, na binti yake mdogo.

Binti huyo hakuwa na jina. Mila ya wahanga ilikuwa hii: jina la mtoto hutamkwa mara ya kwanza ndani ya shimo la mama yake, ili ardhi ilisikie. Nje halitamkwi.

"Mama, naitwa nani?"

"Tukiingia kwetu nitakwambia."

Muhanga akachimba shimo, akamwendea Mbweha, dalali wa kilima.

"Bwana dalali, hili nalitaka mimi. Kodi yake nini?"

"Kibuyu cha kumbikumbi, mama mtoto."

Akahangaika, akakijaza kibuyu. Aliporudi, shimo lilikuwa la Chatu.

"Bei imepanda," Mbweha akasema. "Siku hizi ni asali. Unachimba vizuri mno, mama. Watu wakiona, wanagombania."

"Mama, naitwa nani?"

"Tukiingia kwetu nitakwambia."

Akachimba la pili, pana zaidi, kavu zaidi. Akaumwa na nyuki, akaleta asali.

"Asali ilikuwa bei ya zamani. Sasa ni pembe ya ndovu."

"Kalichukua nani?"

"Chatu."

"Si analo lile la kwanza?"

"Analo."

"Analala lipi?"

Mbweha akacheka. "Halali hata moja. Anasubiri bei ipande."

"Mama, naitwa nani?"

"Tukiingia kwetu nitakwambia."

Akachimba la tatu, zuri kuliko yote. Kila alipochimba, kilima kilipendeza. Kila kilipopendeza, yeye alisogezwa mbali. Akazunguka nchi nzima, akarudi na pembe mgongoni.

Mbweha hakuitazama. "Hili ni la wenyeji wa kilima tu."

"Kilima chote nimekichimba mimi."

"Umekichimba, mama mtoto. Hujakiishi."

Mvua ikaja. Bonde likajaa maji. Muhanga akambeba binti yake, akapanda kilimani. Shimo la kwanza: tupu, kavu, limezibwa kwa jiwe. La pili: tupu, kavu, jiwe. La tatu: jiwe. Akakwaruza mpaka kucha zikang'oka.

"Mama, nasikia baridi. Naitwa nani?"

"Tukiingia kwetu..."

Hakumaliza.

Somo nalitoa hapa, maana mbele halina nafasi. Wanaoziba nyumba tupu huku mtoto analowa nje, hao hawana utu, hata kilima chao kiwe kizuri namna gani. Nawe usiye na kwako, usingoje mlango ndipo umpe mtoto wako kilicho chake.

Ngano yangu imefika mlangoni, ikakuta jiwe. Hapo naiacha, na mvua yake.

Imebaki sauti moja. Ni ya Muhanga, mdomo wake sikioni mwa binti aliyekwisha acha kutetemeka:

"Tunu."