Msusi na Mteja Mwenye Nywele Mpya

Akina mama wenzangu, hapa tulipo kila mmoja wetu amewahi kukaa mkekani kwa msusi. Basi sikilizeni habari ya msusi mmoja, wa mji ambao watu waligombana kwa ajili ya kura mpaka damu ikamwagika.

Zamani kibaraza chake hakikunyamaza. Baada ya vurugu zile watu wakajifunza kupima maneno. Ukimwuliza mtu hali ya mtoto, anatazama nyuma kwanza ndipo akujibu. Msusi naye akajiwekea sharti: hapa ni nywele tu, mambo ya nchi hapana. Na alikuwa na sababu. Siku ya vurugu alimkuta kijana mtaroni, mguu umevunjika. Akamfunga kwa kanga yake, akamkokota hadi kwa nesi mmoja mstaafu, nyumba ya nyuma. Sasa ilikuwa wiki ya tatu, na kila asubuhi alimpelekea uji. Kijana hakutaja jina lake wala kwao, akihofu wabaya wake wasije wakamfuata hadi nyumbani. Msusi naye hakumwuliza.

Asubuhi moja akaja dada mmoja mgeni.

"Karibu, dada. Tusuke nini?"

"Fumua hizi, unisuke upya. Mtindo wowote."

Msusi akazitazama. Nywele zenyewe mpya! Hata siku tatu hazijamaliza. Moyo ukamwambia: huyu katumwa. Nani anafumua nywele za juzi? Ni mtu anayetaka kukaa kitako saa nne nzima akisikiliza. Tena simu kaiweka mapajani, kioo juu. Je, sisi tungewaza nini?

Hata hivyo, alipoanza kufumua aliona ngozi ya kichwa imevimba, imetoka vipele kwa kuvutwavutwa. Akachovya kidole kwenye mafuta ya nazi, akampaka taratibu, mstari kwa mstari, mpaka kwenye kovu la kuungua nyuma ya sikio. Mikono yake ilikuwa na huruma. Mdomo ndio uliotiwa kufuli.

"Dada, nasikia siku ile walipita na huku?"

"Akina nani? Mimi siku ile nililala. Nilikuwa na malaria."

Jirani aliyekuwa akikaanga vitumbua pembeni akacheka. "Shoga, mtaa huu mzima siku ile ulikuwa na malaria!"

Msusi akamkatia jicho. Jirani akarudi kwenye karai lake.

Mgeni akainua kichwa. "Na hakuna aliyeumia?"

"Inamisha kichwa, dada."

"Nauliza tu."

"Na mimi nasuka tu. Mambo ya serikali waulizwe wenye serikali."

Chozi likadondoka mkekani. Msusi akaliona. Akajisemea, hata kulia siku hizi watu wanafundishwa. Akasuka mpaka mwisho, bila kuuliza jina la mteja. Mgeni alipoinuka alisema, "Mikono yako ni miepesi. Mungu akubariki." Akaenda zake stendi.

Kesho yake, akimpa kijana uji, msusi akataka kumchekesha.

"Jana nimemsuka shushushu! Wamemtuma na nywele mpya kichwani, kama vile msusi hana macho. Na kovu nyuma ya sikio, kubwa hivi."

Kijana akaweka kikombe chini. "Sikio la kushoto?"

"La kushoto."

"Mama, huyo ni dada yangu. Alimwagikiwa na chai tukiwa wadogo."

Siku hiyo ndipo kijana alipotaja jina lake kwa mara ya kwanza, na kijiji chao. Namba za simu za nyumbani hakuzikumbuka, na simu yake ilipotea siku ile ile ya mtaroni. Msusi akapanda basi, akashuka, akapanda bodaboda. Alipofika akakuta turubai limefungwa uani na wanawake wamekaa chini wanalia. Wanamlilia nani? Mtu ambaye asubuhi ile ile alikuwa amekunywa uji wake!

"Mama, mwanao yu hai," akasema.

Mama yule akamshika mikono yote miwili, akacheka na kulia kwa pamoja. Binti yake akamnong'oneza sikioni, naye akamtazama msusi vizuri. "Wewe ndiye uliyemsuka binti yangu jana?"

Binti ndiye aliyejibu.

"Mama, usimlaumu. Nimefumua kichwa hiki kwa wasusi wanne, kwa kuwa kwa msusi ndiko watu wanakoongea. Lakini hata mmoja sikumwambia kwamba namtafuta ndugu yangu. Na huyu nilipomwona anamkatia jirani yake jicho, nikasema moyoni, ni wa upande wa wabaya wetu. Nikarudi mikono mitupu, ndipo tukakata tamaa."

Mmesikia, akina mama? Mmoja alikuwa amemficha ndugu wa mwenzake, mwingine alikuwa na swali kifuani. Saa nne, kichwa cha huyu mikononi mwa yule, na kila mmoja akimwogopa mwenzake.

Simwambii mtu aende sokoni akapige kelele za siasa. Masikio mabaya yapo, na mwenye watoto haoni aibu kuogopa. Lakini sisi tumefika wapi? Tulianza kwa kuacha kuzungumza habari za kura. Tukaacha kuuliza nani kapigwa. Sasa tunaona chozi la mwenzetu na tunashindwa kusema, "Unalia nini?" Hilo nalo ni siasa? Aliyetutisha alitaka tusiseme habari zake. Habari zetu sisi kwa sisi tumenyimana wenyewe, bila kutumwa na mtu.

Pembeni yako sasa hivi ameketi mama ambaye hujui alimpigia nani kura. Wimbo wa kufunga mkutano wetu tuuache kwanza. Mgeukie, umwulize kwa sauti ndogo: kwenu, nani hajarudi?