Kwera Aliyeogopa Kufumua

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wakubwa mlioketi nyuma, sikuwasikia. Hadithi hii ni yenu kuliko ya watoto. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani hizo za kale, ndege walipokuwa na shule, palikuwa na mto uliojaa matete. Ukingoni waliishi kwera. Mnawajua kwera? Ndege wadogo, wa manjano, wasukao viota vinavyoning'inia. Dume husuka. Jike huja kukagua. Hujining'iniza mlangoni, akavuta mara tatu. Vu! Vu! Vu! Kiota kikishika, huingia akataga. Unyasi mmoja ukichomoka, huenda zake. Naye dume hukifumua kiota chote mpaka tawini, akaanza upya. Hakuna anayemcheka. Ndiyo kazi yao, tangu enzi na enzi.

Siku moja wazazi wakakaa, wakasema, "Sisi tulijifunza kwa kuhangaika. Watoto wetu wasihangaike. Wasome."

Wakamtafuta mwalimu. Wakampata Hondohondo. Hondohondo ana mdomo mkubwa, na sauti yake hutikisa majani. Lakini Hondohondo huishi ndani ya tundu la mti, na tundu lenyewe alilikuta. Maishani mwake hajasuka hata unyasi mmoja.

Je, kuna mzazi aliyemwuliza? Hakuna.

Hondohondo akafundisha kusuka kwa wimbo. Yeye anaita, wao wanaitika.

"Piga kitanzi!"

"Pitisha!"

"Halafu?"

"Kaza!"

Asubuhi kitanzi, pitisha, kaza. Mchana kitanzi, pitisha, kaza. Na darasani palikuwa na sheria moja: anayefumua ameshindwa. Hondohondo alipita tawi kwa tawi akichungulia. "Nani kafungua fundo? Nje!"

Palikuwa na kinda mmoja jina lake Pandu. Fundo lake likikaa upande, mdomo unamwasha. Analifumua. "Pandu, nje!" Kesho tena. "Pandu, nje!" Wenzake wakamtungia maneno: "Pandu fumua-fumua, Pandu mkia wa darasa!"

Na palikuwa na Chando. Chando hakufumua kamwe. Wazazi wake walimletea matete yaliyochaguliwa, laini, ya urefu mmoja, yasiyoweza kumkosesha. Siku ya kuhitimu, Hondohondo akamchomeka Chando unyoya mwekundu kichwani.

"Huyu," akanguruma, "yuko tayari kwa kazi yoyote, mahali popote!"

Mabawa yakapigwa, pu-pu-pu-pu! Mama yake Chando akalia kwa furaha.

Mwaka uleule mvua ikakataa. Mto ukanywea. Matete yakakauka, viboko wakayakanyaga. Pakabaki ukindu tu, kwenye miti iliyoota juu ya jabali. Na ukindu si tete, watoto wangu. Ukiwa mbichi hushika. Ukikauka husinyaa, na fundo hulegea. Wazee hawakuwahi kuusuka. Shuleni haukuwahi kutajwa.

Pandu akasuka kiota cha ukindu. Akakivuta mwenyewe. Kikachomoka. Akafumua. Akasuka tena. Kikachomoka. Akafumua. Mdomo ukamvuja damu. Mara ya saba akagundua: suka leo, liache jua liupige ukindu, kesho rudi, fumua yaliyolegea, funga upya. Kiota kikatulia tuli.

Chando akasuka mara moja tu. Lo, kiota kizuri! Mviringo kama chungu. Akakaa mlangoni na unyoya wake.

Akaja Sikitu. Sikitu alikuwa kwera jike, mayai yamemwelemea, hana siku za kungoja. Akashika mlango. Vu! Kikashika. Vu! Kikalia, kri. Akanyoosha makucha avute mara ya tatu.

"Dada, basi!" Chando akasema. "Wanivuta kama unavuta kamba ya mbuzi? Huuoni unyoya?"

Mama yake Sikitu akadakia kutoka tawi la pili. "Mwanangu, usitutie aibu mbele za watu. Mwenye unyoya mwekundu havutwi."

Sikitu akamtazama mama yake. Akautazama unyoya. Akaachia mlango. Akaingia, akataga mayai matatu.

Nasikia mtu hapo anasema, "Angevuta." Ndiyo, mjukuu wangu. Angevuta.

Jua likawaka siku ya kwanza. Likawaka siku ya pili. Siku ya tatu asubuhi Pandu akapita.

"Ndugu yangu Chando, sogea huku, mkeo asisikie. Lile fundo la tawini limelegea. Lifumue ulifunge upya. Nitakishikilia kiota kwa makucha yangu, mayai hayatatikisika."

"Wewe unifundishe mimi? Wewe uliyesomea nje pamoja na sisimizi?"

"Nicheke baadaye. Sasa shika fundo."

"Ndege wakiniona nafumua watasemaje?"

"Watasema unafumua."

Chando akampa mgongo. Lakini niwaambie kweli: lile fundo alikuwa ameliona tangu jana. Alilitazama, akalitazama, mdomo wake usijue uanzie wapi. Pandu alipoondoka, Chando akaruka mbio hadi kwenye tundu la mwalimu.

"Mwalimu, fundo linalegea. Nifanye nini?"

Hondohondo akatoa mdomo nje. "Wimbo uliuimba?"

"Niliuimba."

"Uimbe tena. Kwa sauti."

Chando akarudi. Akakaa kando ya kiota chake, akaimba. Piga kitanzi! Pitisha! Kaza! Majirani wakasema, "Sikiliza msomi yule." Akaimba mpaka sauti ikakauka. Na ukindu nao ulikuwa unakauka.

Adhuhuri Sikitu akatoka kutafuta chakula. Upepo ukaja. Vuuu! Kiota kikayumba huku, kikayumba huko. Kri. Kri. Fundo likateleza, fyoo!

Chini hapakuwa na maji. Palikuwa na jabali.

Pwa. Pwa. Pwa.

Sikitu akarudi na panzi mdomoni. Akaona tawi tupu. Akaona jabali. Panzi akamponyoka, akarukaruka, akaenda zake.

"Ulijua?" Sikitu akauliza.

"Nilijua tangu jana."

"Mbona hukufumua?"

Chando akainamisha kichwa. "Sikufundishwa."

Sikitu hakumtukana. Hakumdonoa. Alishuka jabalini, akakaa pale mpaka jua likazama.

Mngetaka niishie hapo, niseme kwera walijifunza. Sitawadanganya. Nimefundisha watoto miaka mingi, sikuwahi kuwadanganya.

Mvua iliporudi, Hondohondo alikuwa amezeeka, sauti imekatika. Wazazi wakakusanyika kumchagua mwalimu mpya. Mmoja akasema polepole, "Pandu je? Ukame wote kiota chake hakikuanguka."

Wakacheka mpaka wakashikana mabawa. "Pandu? Aliyefukuzwa darasani kila siku? Atawafundisha nini watoto wetu, kufukuzwa?"

"Chando!" wakasema. "Chando ana unyoya."

Sikitu akaruka katikati ya mkutano. "Wazazi, nisikilizeni. Mimi nina neno kuhusu Chando."

Mwenyekiti akamzuia kwa bawa. Alikuwa kwera mpole, mwenye adabu. "Mama, samahani. Mkutano huu ni wa wazazi. Wewe mtoto wako yuko darasa la ngapi?"

Sikitu akageuka, akalitazama lile jabali. Ndege wote wakamngoja ajibu. Kisha akaruka, akaenda zake, nao wakaendelea na kura.

Watoto wangu, kazi mtakazofanya mkiwa wakubwa hatuzijui, hata sisi tunaowafundisha. Huenda ukindu wenu bado haujaota. Mwenye kujaribu, akakosea, akauliza, akafumua na kuanza tena, huyo atapata pa kukaa. Nanyi wakubwa, mtoto asiyewahi kukosea mbele yenu hamjamfundisha kazi. Mmemfundisha kuogopa, na gharama ya woga huo hulipwa na wasiokuwa na kosa.

Hadithi yangu inakomea hapo. Aliye na ya kwake, yenye mwisho mtamu kuliko huu, naomba atusimulie.