Picha ya Kwanza Ndani ya Kamera ya Salha

Hii nimeletewa na wifi yangu, naye hakumbuki kaletewa na nani. Mara ya kwanza niliisoma nikitabasamu, mara ya pili nikainamisha uso. Someni nanyi.

Palikuwa na mwanamke mmoja katika mji wa pwani, jina lake Salha. Kazi yake ilikuwa kukaa dirishani katika ofisi ya maji, akipokea malalamiko ya watu ambao bomba limekauka, na ya wengine ambao bomba limepasuka wakaamka ua umekuwa ziwa. Kazi haikuwa na utamu, lakini ilikuwa na mshahara, na mshahara huo ndio uliomtunza yeye na mama yake.

Pamoja na kazi hiyo Salha alikuwa na kamera. Aliinunua kuukuu, akajifundisha mwenyewe kwa kuwapiga paka, kuku na mama yake, mpaka mama akasema sasa basi, awaonee hao kuku peke yao.

Katika mji ule, sherehe ya harusi ya wanawake haikanyagwi na mwanamume. Bibi harusi hukalishwa akatazamwa, wanawake huvua mabuibui, hufungua nywele na kucheza kwa raha zao. Mlangoni huwekwa kikapu, na kila mgeni hutia simu yake humo kabla ya kuingia, hata awe mke wa nani. Kwa hiyo harusi nzuri nzuri zilikuwa zikipita bila kubakisha picha hata moja, maana wapigapicha walikuwapo, lakini wote wanaume.

Salha aliliona pengo hilo akaliingia. Wenzake ofisini walimcheka wakisema mshika mawili moja humponyoka. Mama yake kwa upande wake alimsihi asiache mbachao kwa msala upitao. Salha akawasikiliza wote, kisha akashika yote mawili: siku za kazi dirishani, siku za mapumziko harusini.

Harusi yake ya kwanza kubwa ilikuwa ya binti wa Bi Zuwena. Bi Zuwena alikuwa mjane, mwalimu wa chuo cha Kurani, na nusu ya watoto wa mji ule walijifunza alifu kwa kijiti chake. Wanaume waliokaa barazani wakimwona anakuja hukatiza maneno yao mpaka apite. Hapakuwa na mwanamume asiye wa nyumba yake aliyewahi kuona hata ukingo wa nywele zake.

Kabla ya kumpa kazi alimkalisha Salha ukumbini kwake. "Simu zote zitaingia kikapuni," alimwambia. "Kitakachopita ni hiyo kamera yako tu. Naiamini hiyo kamera kwa sababu nakuamini wewe, mwanangu."

Salha aliapa. Wala hakuapa kwa uongo, msimdhanie vibaya. Alikusudia kila neno.

Siku ya sherehe, alasiri, ngoma ilipokolea, Bi Zuwena aliinuka. Akajifunga kanga kiunoni, akafungua nywele zake ndefu zenye mvi, akaingia uwanjani kumchezea binti yake. Alicheza huku akicheka kama msichana aliyeachiwa nyumba siku wazazi wamesafiri. Salha akabonyeza. Alipoitazama picha ile kwenye kioo kidogo cha kamera, alijua kwamba hajapata kupiga nyingine kama hiyo.

Kasoro ilikuwa moja. Salha hakuwa na kompyuta. Ya kuchagulia picha na kuzing'arisha ilikuwa ile ya ofisini, na wakati wake ulikuwa mchana, wanaume wakienda kusali na kula. Mwanzo aliona aibu kidogo kutumia chombo cha kazi kwa mambo yake. Baadaye akazoea, na mtu akishazoea jambo haoni tena kama ni kosa.

Mchana mmoja baada ya sherehe ile alikuwa peke yake. Akaifungua picha ya Bi Zuwena, akaikuza ikajaa kioo kizima, akakaa nyuma kuitazama na kujipongeza. Hapo mzee mmoja akagonga dirishani, bomba lake limepasuka. Salha akainuka kumsikiliza. Alidhani ni neno moja, lakini mwenye bomba lililopasuka hana neno moja. Alianza na bomba, akaja kwa jirani, akafika kwa baba wa jirani.

Salha aliporudi aliwakuta wanaume watatu mbele ya kompyuta. Mmoja alikuwa Faki, karani mwenzake, ambaye wanawe wawili walikuwa wakisoma kwa Bi Zuwena. Wa pili alikuwa mgeni wa Faki. Wa tatu alikuwa Mzee Haji, tarishi, na birika la chai mkononi.

"Kumbe Maalim ana nywele hizi," alisema Faki.

Hakusema kwa ubaya. Alicheka kidogo, kama mtu aliyeokota kitu kizuri njiani, na hilo ndilo lililomkata Salha maini. Alikimbilia kuzima kioo, akakosea kitufe, picha ikajikuza ukabaki uso mtupu na kile kicheko. Mzee Haji akageukia ukutani. Salha alipofaulu kuzima, Faki alimtuliza kwamba neno limeishia pale pale, hapana atakayejua.

Basi Salha akakaa nalo. Aliona haya hata kutawadha, maana kunawa uso kulimkumbusha uso ule wa Bi Zuwena. Alijiambia kwamba picha haikutoka ofisini, kwamba Bi Zuwena hakupungukiwa na kitu, kwamba asiyejua haumii. Maneno yalikuwa mazuri yote, na hakuna hata moja lililomwingia.

Siku chache baadaye alimpelekea Bi Zuwena picha zake. Bi Zuwena akazipitia moja moja bila haraka. Alipofika kwenye ile, aliisogeza karibu na macho. Akasema kwamba hajawahi kujiona hivyo, na kwamba marehemu mumewe angekuwa hai angeiweka chini ya mto wake. Kisha akainua macho akamtazama Salha sawasawa.

"Umetusitiri, mwanangu," akasema. "Mungu naye akusitiri."

Salha alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Likamshinda, akasema, "Amina."

Nawaambieni, hiyo amina ndiyo iliyomla. Alitoka pale na sifa, na sifa zikamfuata mji mzima. Wanawake walikuja kutoka mitaa ambayo hakuijua, wakisema wametumwa na Bi Zuwena. Kila mmoja alimwombea dua kwa kuwatunzia stara yao, na Salha akaitikia amina, akijiona mwizi anayekaribishwa chakula na mwenye mali. Mama yake alimwona anakonda huku kazi inanenepa, akamuuliza kulikoni. Salha alisema ni uchovu wa kazi mbili.

La kuvunda halina ubani. Siku moja Faki alimvutia kiti karibu na dirisha lake, akaongea kwa sauti ya chini. Yule mgeni wake wa siku ile alikuwa akitafuta mchumba. Amesikia habari za Raya, binti mdogo wa Bi Zuwena, ila angependa amwone kwanza alivyo, kabla ya kupeleka posa. Raya alikuwepo harusini kwa dada yake, nywele wazi kama wenzake. Kwa hiyo picha zake anazo Salha.

"Moja tu, dada," alisema Faki. "Kwani ile ya Maalim si tuliiona na mbingu hazikuanguka? Mimi nimekusitiri mpaka leo. Nawe nisitiri kidogo."

Hakutisha wala hakupaza sauti. Akaondoka akipiga mluzi, akimwachia siku mbili tatu afikirie.

Na Salha, jamani, alifikiria. Aibu yake kubwa si ile ya mchana wa bomba lililopasuka, kwani ile ilikuwa ajali. Aibu yake kubwa ni kwamba alizitafuta picha za Raya kwenye kompyuta ile ile ya ofisini, akazipata, akachagua iliyo na heshima kuliko nyingine, akaitenga. Alijihesabia kwamba ni ya kheri, ni ndoa inatafutwa. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma. Hapo ndipo alipouona uso wa mtoto wa watu ukimchekea mpigapicha wake kwa kumwamini. Salha akainuka, akajifunga buibui, akaenda zake kwa Bi Zuwena kwa miguu, kamera begani, bila kujua atasema nini.

Wanafunzi walikuwa wametawanyika, na Bi Zuwena alikuwa akikunja mikeka. Salha alimwamkia, akaitikiwa marahaba na kukaribishwa akae. Hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama: kompyuta ya ofisi, bomba, wanaume watatu, kicheko, amina, na Raya. Alipofika kwa Raya hakuruka kitu, alimaliza. Akasema hataki kazi tena na wala haombi kusamehewa. Amekuja tu kwa sababu hawezi tena kuombewa dua asizostahili.

Bi Zuwena aliendelea kukunja mkeka mpaka mwisho. Akauegemeza ukutani.

"Najua," akasema.

Salha alidhani hakusikia vizuri.

"Mzee Haji alikuja asubuhi ya pili yake. Alisimama pale nje, akakataa kuingia. Akaniambia macho yake yameona kisicho chake, akanitaka radhi. Jina lako hakulitaja, lakini kamera ilikuwa moja tu."

Salha akakumbuka Mzee Haji akigeuka na birika lake, na kwamba tangu siku ile hakuwahi kumtazama usoni. Kisha akakumbuka jambo jingine.

"Basi siku ile nilipokuletea picha, mama..."

"Nilikuwa nimeshajua. Nikakwambia umetusitiri. Ule ulikuwa mlango, mwanangu, niliufungua kwa mikono yangu miwili, upite useme. Wewe ukaitikia amina, ukaenda zako. Nikasema basi, nitaendelea kuwatuma wanawake kwake wakamwombee dua. Iko siku zitamwelemea."

Hapo Salha alikaa, bila kukaribishwa mara ya pili. Akalia kilio cha mtu mzima, kile kibaya kisicho na machozi mengi.

Bi Zuwena alimwacha alie. Kisha akaomba kamera. Akauliza kinapobonyezwa ni wapi, akaoneshwa. Akamwambia Salha avue mtandio. Salha akasita, akavua. Nywele zilikuwa timtim, hazikupata kitana tangu jana, pua nyekundu, uso umevimba. Bi Zuwena aliinua kamera kwa mikono isiyoizoea, akabonyeza mara moja.

"Hii iwe ya kwanza humu," akasema. "Kabla ya kufungua za watu, ufungue hii. Uiache wazi popote utakapoweza kuacha wazi zetu. Msamaha nilikupa siku ile ile, usinishukuru. Kazi ni jambo jingine, hilo tutatazama."

Siku ya pili Salha alifika ofisini mapema. Alimwendea kwanza Mzee Haji, akamwamkia akimtazama usoni, na mzee akamjibu bila kuuliza kitu. Faki alipokuja na mluzi wake, Salha alimwambia picha ya Raya hataipata, na kama anayo siri ya kuuza, amechelewa soko: mwenye haki ameshaambiwa na mwenye kosa. Faki akarudi mezani kwake. Picha za harusi hazikufunguliwa tena ofisini. Ilimbidi Salha angoje muda mrefu mpaka apate kompyuta yake, na kwa muda huo alikataa kazi, akawaeleza wanawake sababu. Baadhi yao hawakurudi tena, naye hakuwalaumu.

Dirishani hakuacha. Bado alipokea mabomba yaliyopasuka, pamoja na jirani na baba wa jirani.

Siku zikaenda, Raya akapata mume, naye alileta posa kwa adabu bila kuomba kuonjeshwa. Bi Zuwena alimwita Salha harusini, ila hakusema kama anaitwa mgeni au anaitwa mpigapicha. Salha akavaa vizuri, akachukua kamera, akaenda.

Mlangoni, mwenye kukaa na kikapu alikuwa Bi Zuwena mwenyewe. Nyuma ya Salha wanawake walikuwa wamesimama wakingoja kuingia. Salha akatia simu yake kikapuni. Akasimama kidogo. Akaivua kamera shingoni, akaitia nayo.

Bi Zuwena akaitoa. Akamrudishia, akamwambia amwoneshe ile ya kwanza.

Salha akaiwasha. Ilikuwapo: nywele timtim, pua nyekundu, uso umevimba. Bi Zuwena aliitazama, akaikinga kwa kiganja wanawake wa nyuma wasiione.

"Ingia, mwanangu," akasema. "Wanaanza."

Funzo: Aliyekufunulia uso wake amekuwekea amana, basi ulinde kama ungekuwa wako, na ukikosea usijifiche nyuma ya amina, kwani uliyemkosea huenda amekwisha jua na amekuachia mlango wazi.