Uani Dawa, Barazani Uchawi

“Uani dawa, barazani uchawi.” Mmeisikia leo methali hii, wajukuu zangu, na mnauliza imetoka wapi. Ilitoka kinywani mwa mwanamke aliyechoshwa na watu.

Zuwena alikuwa mjane, na ua wa nyumba yake ulijaa kivumbasi, mmea wenye harufu kali. Mwenye mafua alichemsha majani yake akajifukiza. Mwenye mbu chumbani alitundika shada mlangoni. Mtoto aliyeshtukashtuka usingizini aliogeshwa maji yake, maana watu waliamini harufu ile hufukuza mashetani. Wote walikitaka, ila hakuna aliyependa kuonekana akikitaka. Walipita mlango wa uani, wamejitanda nguo hadi puani, wakapewa, wakaondoka bila hata kuaga.

Mwaka mmoja ng’ombe wa Jumbe Shekue walianza kufa. Jumbe akadai kwamba kivumbasi cha Zuwena ndicho kinachoita wachawi. Akatuma vijana wakaking’oa chote, kisha akamwita mjane barazani kwake, kijiji kizima kikiwapo.

“Kwako kunanuka uchawi,” Jumbe alisema. “Funga mizigo yako uhame.”

Zuwena aliwatazama mmoja mmoja. Huyu alipewa majani juzi. Yule aliponyeshewa mama. Wote waliinamisha macho. Hasira zikampanda.

“Jumbe, mjukuu wako alipokuwa halali kwa kushtuka, dawa ya kumwogesha ilitoka wapi?”

“Mimi sijakanyaga kwako!”

“Hukukanyaga, ulinituma mimi,” alisema mkewe, Mwanamvua, kutoka upande wa wanawake. “Ukaniambia nipite nyuma, watu wasinione.”

Zuwena hakungoja hukumu.

“Kumbe kivumbasi changu uani dawa, barazani uchawi! Basi sihami. Asiyewahi kubisha mlango wangu wa nyuma na aje anitoe.”

Hakuna aliyeinuka. Wala hakuna aliyemwomba radhi.

Masika yalipofika, kivumbasi kilichipua tena, maana mbegu zilikuwa zimekwisha kudondoka. Mafua nayo yakaja, na watu wakaanza kubisha uani kama zamani. Zuwena hakufungua.

“Zungukeni mbele,” aliwaambia. “Ombeni mkionekana!”

Wakazunguka mchana kweupe, Jumbe Shekue akiwa miongoni mwao, akikohoa.

Kwa hiyo, wajukuu, mkimwona mtu anayemtafuta mwenzake kwa siri na kumkashifu hadharani, msimwonee haya. Mwambieni: uani dawa, barazani uchawi.